Spear, Juha Kalulu na Liyongo: Kwa Nini Katuni Tulizozipenda Hazipatikani

Kaa barazani Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri, uwaulize wazee waliokuwa vijana miaka ya 1960 kama wanamkumbuka Lance Spearman, yaani Spear, mpelelezi wa gazeti la hadithi za picha. Wanaomkumbuka hawaishii kwenye jina. Watakutajia kofia yake, tai ya kipepeo, sigara nene, gari la Corvette Stingray. Watakutajia na Rabon Zollo, adui yake, kana kwamba alikuwa mtu wa mtaa wa Langoni aliyewahi kuwasumbua majirani. Kisha omba kuonyeshwa nakala moja ya gazeti alimotokea. Hapo mazungumzo hukwama. Hadithi ipo, karatasi haipo.

Hali hii haimhusu Spear peke yake. Juha Kalulu, Joe, Akokhan, Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Abunuwasi wa mchoraji Gado: majina yanajulikana na watu wanayataja kwa mapenzi, lakini kijana wa Lamu au Malindi akitaka kuyasoma leo hana pa kuanzia. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba televisheni na video ziliua katuni. Mimi silikubali jibu hilo. African Film, gazeti la Spear, lilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kanda za video za VHS zilianza kuuzwa duniani mwaka 1976. Juha Kalulu naye aliishi bega kwa bega na televisheni kwa miongo mingi. Sababu ziko kwingine: nani alitengeneza gazeti, karatasi ilimfikiaje msomaji na ilifanywa nini baada ya kusomwa, na leo nani ana haki ya kulichapisha tena. Mambo hayo yamesokotana, na kwa Spear ndiko yalikokaza zaidi.

African Film halikuwa gazeti la michoro. Kila kisanduku kilikuwa picha ya kamera. Waigizaji walipangwa, mmoja akakunja ngumi, mwingine akaanguka, mpiga picha akabonyeza, kisha maneno yakawekwa ndani ya viputo juu ya picha. Msomaji aliona watu halisi, nguo halisi, magari halisi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mvuto wake. Vitabu vya katuni vilivyotoka Uingereza na Marekani vilikuwa na mashujaa weupe, na Mwafrika akionekana humo basi ni mbeba mizigo au mtu wa kuokolewa. Spear alikuwa mpelelezi mweusi, mtanashati, mwenye akili na mkono mwepesi, akisaidiwa na Sonia, na kijana Lemmy, na Kapteni Victor wa polisi. Miaka michache baada ya uhuru, kijana wa Kiafrika aliyemwona mtu kama huyo kwenye ukurasa wa mbele hakuhitaji kuelezwa kwa nini anampenda.

Sasa fundo lenyewe. Mchapishaji alikuwa Drum Publications ya Jim Bailey, kampuni ya gazeti la Drum lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951 na baadaye kuwa na matoleo ya Afrika Mashariki na Magharibi. Aliyemwigiza Spear alikuwa Jore Mkwanazi, raia wa Afrika Kusini, na picha zilipigwa huko kusini mwa bara. Kwa hiyo shujaa aliyependwa Lagos, Accra, Nairobi na mwambao wetu alitoka katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Ndani ya ukurasa Mkwanazi aliingia hoteli kubwa na kuagiza kinywaji bila kuulizwa. Nje ya ukurasa, sheria za kwao zilimpangia mtu mweusi akae wapi, apande gari gani na apite mlango upi. Ninaiona hiyo kuwa sehemu ya thamani ya gazeti hilo, wala haimwondolei Spear hadhi yake. Watu walioigiza katika picha zile walijua walichokuwa wakikionyesha.

Lakini namna gazeti lilivyotengenezwa ndiyo iliyokuja kulipoteza. Mji wa Spear haukuwa na jina. Ulikuwa mji wa Kiafrika wenye barabara, benki na majambazi, na msomaji wa nchi yoyote angeweza kudhani ni wake. Kwa biashara ilikuwa akili nzuri: hadithi moja, masoko mengi. Kwa hifadhi ilikuwa hasara. Mnigeria hukumbuka Spear kama wake, Mkenya hivyo hivyo, na hakuna taifa lililoona kwamba ni wajibu wake kumtunza. Mwaka 1984 Drum iliuzwa kwa kampuni ya Nasionale Pers, na hazina ya picha za zamani ikabaki katika hifadhi yenye jina la Bailey, Johannesburg. Mtoto wa Lamu anayetaka kuona kilichomfurahisha babu yake angepaswa kuanzia huko, mbali na kila mahali gazeti hilo lilikopendwa.

Gazeti hilo lilikuwa na ndugu zake pia, kama Boom, lililomleta Fearless Fang, shujaa wa msituni. Huyo simwombolezi sana. Alikuwa Tarzan aliyebadilishwa rangi. La muhimu zaidi kwetu ni lililotokea Dar es Salaam, ambako Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya upelelezi Simu ya Kifo, alianzisha Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha kwa Kiswahili lililofuata mfano wa African Film. Spear alizungumza Kiingereza. Msomaji wa mwambao aliyesoma chuo cha Kurani na kuishia madarasa ya mwanzo ya skuli alimfuata kwa picha na kwa tafsiri ya mwenzake. Katalambulla alionyesha kwamba mpelelezi anaweza kuzungumza lugha ya msomaji wake bila kupungukiwa na kitu.

Gazeti la jana

Juha Kalulu alisalimika kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa na nyumba. Mchoraji wake, Edward Gicheri Gitau, alianza kumchora miaka ya 1950, na gazeti la Taifa Leo likampa makao kwa miongo mingi. Gitau alifariki mwaka 2016, na kwa hesabu yoyote Juha ni miongoni mwa wahusika wa katuni walioishi muda mrefu zaidi Afrika Mashariki. Juha hakuwa na gari wala bastola. Alikuwa mtu mjinga mwenye werevu wa ghafla, wa aina ambayo kila mtaa unaye, na kila siku alipata visanduku vichache vya kufanyia kituko chake.

Nyumba hiyo ilikuwa ya karatasi ya siku moja. Katuni ya gazeti huja bure pamoja na habari, na huondoka pamoja nazo. Gazeti la jana Lamu lina kazi nyingi: hufungwa njugu, mabuyu, bajia, huwekwa kabatini chini ya vyombo, hufunikwa madaftari ya watoto. Lililonusurika na hayo lilikutana na hewa ya chumvi, unyevu wa masika na mchwa. Nyumba zetu za mawe ni nzuri, lakini karatasi ya gazeti, ambayo ni dhaifu tangu kiwandani, haidumu ndani yake bila mtu kuishughulikia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Nairobi hawalifikirii. Magazeti yalitoka huko, yakashuka Mombasa, yakapanda basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka Mokowe yakavuka kwa mashua. Mto Tana ukifurika, njia ilikatika Garsen. Mashua ikichelewa, gazeti la Jumatatu lilifika Jumatano, au halikufika kabisa. Hadithi ya mfululizo inataka kila toleo. Msomaji wa Lamu alizoea kuisoma ikiwa na matundu: Spear yuko ndani ya pango la Zollo, na katika toleo linalofuata kukamatwa kwake kumekwisha sahauliwa kwa kuwa kisa kipya kimeanza.

Matundu hayo yalizibwa kwa mdomo. Nakala moja ilizunguka watu wengi, mwenye kusoma akawasomea wasiosoma, na aliyekosa toleo akasimuliwa na aliyedai kuliona. Ndiyo maana mimi huamini kwamba baadhi ya visa vya Spear vinavyosimuliwa Lamu leo havimo katika toleo lolote la African Film. Vilitungwa barazani na watu waliojua tabia ya mhusika kiasi cha kumtungia. Mtafiti anayekusanya kumbukumbu za katuni ataona hilo kama tatizo. Mimi naliona kama ushahidi wa mapenzi, lakini ni kweli kwamba linafanya kazi ya kutafuta matoleo kuwa ngumu: mtu anakueleza kisa kizuri sana, unakitafuta, na hakijawahi kuchapishwa.

Waliojaribu kutengeneza vitabu

Gazeti hupita, kitabu hukaa. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba katuni zilizotolewa kama vitabu zimesalimika vizuri zaidi. Hapana, na hapa ndipo sababu nyingine inapojitokeza.

Terry Hirst, mchoraji aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi Kenya, alianzisha gazeti la Joe mwaka 1973 pamoja na mwandishi Hilary Ng'weno. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini anayecheka ili asilie. Ng'weno akaenda kuanzisha gazeti la Weekly Review mwaka 1975, na Joe likakoma mwaka 1979. Miaka ya 1980 Hirst akaja na Pichadithi, mfululizo wa vitabu vya katuni vya ngano na mashujaa wa Kiafrika. Humo alimtoa Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, na humo akamtoa Abunuwasi. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeheshimu hadithi alizozichora, lakini ilikuwa kwa Kiingereza, na Abunuwasi anayezungumza Kiingereza amepoteza nusu ya ulimi wake.

Mwaka 1996 Sasa Sema, shirika la uchapishaji la Nairobi lililoanzishwa na Lila Luce, lilirekebisha hilo kwa kutoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa aliyezaliwa Dar es Salaam, alimchora Abunuwasi. Jina la Abu Nuwas ni la mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun Rashid, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa. Mwambao ulimchukua ukamgeuza mtu wa hila anayewashinda masultani na matajiri kwa maneno yao wenyewe, na Gado akamvika sura ambayo hadi leo ndiyo ninayoiona nikisikia jina hilo. Sasa Sema lilitoa pia Mkasa wa Shujaa Liyongo, na kwa watu wa Lamu, Pate na Kipini hicho kilipaswa kuwa kitabu cha kila nyumba.

Fikiria kisa chenyewe kilivyo tayari kwa kuchorwa. Mtu mwenye nguvu za kutisha na mshale usiokosa anafungwa kwa sababu mtawala wa Pate anamwogopa. Mama yake anamtuma kijakazi Saada na chakula; askari wanakula kizuri na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa, na ndani ya mkate kuna tupa. Gungu linapigwa nje, kelele za ngoma zinafunika sauti ya chuma kinachokatwa. Baadaye mwanawe mwenyewe anahongwa, anampata amelala na kumdunga kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anakata roho akiwa hivyo hivyo, na mji mzima unashinda na kiu kwa kuogopa maiti. Hakuna mchoraji duniani ambaye angehitaji kuongeza kitu.

Kwa nini basi kitabu hicho hakiko kila nyumba? Jibu ni la kibiashara na halina ajabu. Kenya, kitabu huuzwa kwa kupitia shule. Kisipokuwa katika orodha ya vitabu vya masomo, duka la vitabu haliagizi nakala nyingi, na duka la Lamu haliagizi kabisa. Katuni ilionekana kuwa mchezo, mzazi akatoa pesa kwa kamusi na kitabu cha hesabu. Sasa Sema haikuweza kushindana na hali hiyo peke yake, na baadaye ikaingia chini ya kampuni ya uchapishaji ya Longhorn. Kitabu kinaweza kuwa hai kwenye orodha ya mchapishaji na kikawa kimekufa kwa msomaji aliye ng'ambo ya mkondo wa Mokowe.

Watanzania walikwenda njia nyingine. Sani, gazeti lililopata jina lake kutokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliishi kwa kuuzwa barabarani, na wahusika kama Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge na Komredi Kipepe walijulikana bila msaada wa shule yoyote. Mchoraji wa Lodi Lofa na Ndumilakuwili, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Kwa maoni yangu hakuna mchoraji wa Afrika Mashariki aliyeacha alama kubwa hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Na Akokhan. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya maisha yake Nairobi, alimuumba shujaa mwenye nguvu za kale, mwenye uganga wa Kiafrika unaochukuliwa kwa uzito, bila joho wala barakoa za Marekani. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu Nairobi. Akokhan alitoka kama kitabu Finland, kwa Kifini. Msomaji wa Helsinki aliweza kumweka shujaa huyo kwenye rafu yake wakati sisi tulibaki na vipande vya magazeti, na jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Mali ya nani?

Mtu husema: basi mtu azipige picha kurasa zote na kuziweka kwenye intaneti, yaishe. Hapa sheria inaingia, na inafaa kueleweka.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mchoro au maandishi hudumu maisha ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Michoro ya Odoi inalindwa hadi mwisho wa 2062, ya Hirst, aliyefariki 2015, hadi 2065, na ya Gitau hadi 2066. Picha ya kamera huhesabiwa tofauti: miaka 50 tangu ilipopigwa au kuchapishwa. Kwa hesabu hiyo picha za Spear za mwaka 1968 zingekuwa zimeshatoka kwenye ulinzi hapa kwetu. Lakini ndani ya picha kuna viputo, na maneno ya viputo ni kazi ya mwandishi, ambayo saa yake huanza kuhesabiwa anapokufa. Ukurasa mmoja, saa mbili.

Ongeza swali la ajira. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa huweza kuwa mali ya mwajiri, kutegemea walichokubaliana. Kwa hiyo katuni ya gazetini huenda ni ya warithi wa mchoraji, huenda ni ya kampuni ya gazeti, na anayejua ni yule mwenye mkataba mkononi. Mchapishaji mdogo wa Mombasa au Malindi akitaka kutoa mkusanyo mmoja tu, atatumia muda mwingi kutafuta mwenye ruhusa kuliko kutengeneza kitabu. Wengi hukata tamaa hapo. Katuni inabaki imelindwa na sheria dhidi ya watu pekee waliotaka kuiokoa.

Alivyofanya Kijumwa

Lamu tuna mfano wetu wa namna kazi inavyookolewa, na ni wa Liyongo huyo huyo. Hadithi yake ilikuwa imeshaishi vinywani kwa karne nyingi pale Muhammad Kijumwa, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri wa Lamu, alipotunga utendi wake mwaka 1913. Kijumwa hakuishia kutunga. Alinakili kwa mkono, tena na tena, tungo zake na za waliomtangulia, na akawapa wataalamu waliozitaka: Alice Werner, William Hichens, Ernst Dammann. Alifariki mwaka 1945. Nakala nyingi za mkono wake ziko London, na nyingine Ujerumani. Tunaweza kuhuzunika kwamba ziko mbali, lakini zipo. Zipo kwa sababu nakala zilikuwa nyingi na zilikuwa katika mikono mingi.

Tofauti ya utendi na katuni ni kwamba utendi unaweza kughaniwa. Mtu aliyehifadhi beti za Liyongo anaweza kunyang'anywa kitabu na bado akakupa utendi mzima. Picha haighaniki. Mzee wa Mkunguni anakupa kisa cha Spear, anakupa hata sauti yake, lakini jinsi kivuli cha kofia kilivyoangukia jicho moja hawezi kukupa. Kwa hiyo katuni inategemea nakala kuliko shairi, nasi tumeitunza kidogo kuliko shairi.

Kuhifadhi nakala yako mwenyewe hakumnyimi mtu haki yake. Kuichapisha upya na kuiuza ndiko kunakohitaji ruhusa. Masanduku ya zamani bado yapo Lamu, Shela, Faza, Malindi, na ndani yake mara nyingine kuna gazeti lililotandikwa chini ya nguo tangu miaka ya 1970. Ukilikuta, usilikunjue kwa nguvu, kwa sababu karatasi kavu hukatika kwenye mikunjo. Liache hewani kivulini, kisha lifungue polepole. Usitumie gundi ya plastiki kuunga palipochanika. Huacha doa la kahawia lisilotoka. Piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa mchana, pamoja na matangazo, kwa kuwa tangazo la sabuni au la baiskeli hutaja bei na duka, na vitu hivyo huonyesha gazeti liliuzwa nchi gani na mwaka gani. Zaidi ya yote piga ukurasa wa kwanza wenye namba ya toleo, na ule wenye maandishi madogo ya jina la mchapishaji na mahali lilipopigwa chapa. Bila kurasa hizo mbili, hata mtu mwenye nia na pesa za kulitoa upya hatajua pa kubisha hodi.